Namba ya Shingoni

Habari ya kifo cha Jasbir ilinikuta kwenye kikao cha kujadili rangi ya viti. Ndiyo, viti. Nina miaka hamsini na moja, nina vyeti vinavyoweza kufunika meza ya chakula vikitandazwa, na saa nne asubuhi ya siku ya kazi nilikuwa nimekaa na watu wazima wenzangu tukibishana kama ukumbi mpya wa idara upewe viti vya kijani au vya bluu. Simu ikatetemeka mapajani. Binti yake alikuwa ameandika maneno machache: Baba ameondoka alfajiri, kesho saa nane mchana tunampeleka motoni, njoo. Nikasimama. Mwenyekiti akaniuliza kama naunga mkono kijani. Nikasema, "Amekufa," nikatoka, na nasikia kumbukumbu za kikao zimeandika kwamba mjumbe mmoja hakupiga kura.

Sisi wa mlimani hatuchomi mtu. Tunamlaza mgombani nyuma ya nyumba, tunamjengea kaburi la vigae, na kila Krismasi tukirudi kutoka mijini tunakwenda kusimama hapo tukiwa na viatu vya safari, kama watu waliokuja kuripoti. Kwa hiyo nilipomwona Jasbir, mtu mwenye viganja vipana kama makoleo, akiingizwa kwenye moto pale Moshi akiwa na kilemba chake, nilirudi nyuma hatua mbili. Sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilishika ukuta, na mzee mmoja mchomeleaji niliyemkumbuka kwa sura tu akanishika kiwiko, akanitazama vizuri, akaniuliza kwa sauti ambayo waombolezaji wa mstari mzima waliisikia: "Dada, wewe si ndiye uliyeifuta ile namba ya Bwana Mifugo?" Nimeandika vitabu vinne. Katika mji wa Moshi najulikana kwa kitu nilichokifuta.

Ni mimi. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi na imani thabiti kwamba nchi ilikuwa inanisubiri. Nchi haikuwa na haraka. Baada ya miezi kadhaa ya kupeleka barua za maombi ya kazi, nilisikia kwamba Kalasinga mmoja wa Njoro, fundi wa pikipiki za zamani, anatafuta mtu wa kumwandikia barua kwa Kiingereza kwenda kwa wauza vipuri wa ng'ambo. Nilikwenda na sketi ya pasi na bahasha ya vyeti. Jasbir alivipokea kwa ncha za vidole vyenye grisi, akavisoma vyote, hata nyuma ambako hapakuwa na kitu, kisha akanirudishia na kusema, "Hapa hakuna kosa lolote. Sasa shika hii," akanikabidhi kabureta. Tangu siku hiyo jina langu likawa Msomi.

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba yake, banda la bati lenye upande mmoja wazi. Fremu zilining'inia darini kwa ndoano kama mbuzi waliochunwa. Rafu zilijaa makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na skrubu zake. Katikati palikuwa na meza ndefu ambayo asubuhi ilikuwa ya kufungulia injini na saa saba mchana ilifutwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha ikatandikwa gazeti, nasi tukala hapo. Mkewe, Mama Simran, alipitisha chakula kwenye dirisha la jikoni: chapati, dengu, na achari ya limao iliyokuwa ikinitoa machozi mbele ya wateja. Wateja walikuwa wainjilisti, walimu wastaafu, wazee wa kahawa waliotaka pikipiki ya ujana wao iwake tena. Waliniona nimechuchumaa na bisibisi wakamtania: "Jasbir, umeoa wa pili?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Huyu ni wa kusoma vyuma. Wewe hata Biblia yenyewe unasomewa."

Kusoma vyuma kulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Pikipiki ya Kijapani ina namba mbili. Moja imegongwa shingoni, kwenye chuma kinachoshika usukani. Nyingine iko ubavuni mwa injini, chini. Rangi hupakwa upya, tangi huchukuliwa kwa jirani, hata jina lililoandikwa pembeni linaweza kuwa la kampuni nyingine kabisa, lakini ukizisoma namba hizo mbili unajua ni aina gani, ya toleo gani, na kama injini na fremu zilitoka kiwandani pamoja au zilikutana ukubwani. "Injini ni kama mume," Jasbir alinifundisha wiki ya kwanza. "Inahama. Leo iko kwenye pikipiki hii, kesho inasaga mahindi kwa mtu. Fremu ni mke. Inabaki." Kutoka dirishani Mama Simran akasema, "Na inayobaki ndiyo inaota kutu."

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuirudia zaidi ya mara mia: kwanza karatasi, baadaye brashi. Kabla ya kusafisha chochote, unalowanisha uchafu kwa mafuta, unaukwangua kwa kijiti, herufi zikianza kuonekana unaweka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli mpaka namba ijitokeze nyeupe. Karatasi ile inabandikwa kwenye daftari kubwa. Baba yake alilianza, naye akaliendeleza. Pikipiki karibu zote za mlimani zilikuwa mle, na majina ya wenyewe pembeni. Baada ya miezi minne nilikuwa naweza kuangalia herufi mbili za mwanzo na kutaja aina kabla ya Jasbir kuvaa miwani yake. Nilianza kuwakosoa wateja. Nikikumbuka sauti niliyokuwa nikitumia, natamani mtu angenimwagia ile achari.

Mwaka ule masika yalikuja kwa fujo. Ukingo wa korongo moja juu ya Kwa Sadala ulimeguka, na watu waliokwenda kuchota mchanga wakakuta usukani umechomoza kwenye udongo. Waliuvuta, ikatoka pikipiki. Mnunuzi wa chuma chakavu akaileta Njoro, kwa kuwa kila mtu alijua Jasbir hapiti mbele ya Honda ya zamani bila kusimama. Ilikuwa ile ndogo ya cc tisini. Tuliilaza juu ya magunia. Matairi yalikuwa yameoza, kiti kimebaki springi, na shingo ilikuwa imezama ndani ya bonge la udongo, grisi na kutu lililokauka likawa kama jiwe. Lakini ubavu wa injini ulikuwa mzima. Niliufuta kwa mafuta ya taa, nikasugua karatasi, nikamsomea. Jasbir akafungua daftari na kushuka na kidole. Kidole kikasimama. Kisha Jasbir mwenyewe, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikaa saa za kazi, akakaa chini sakafuni.

"Hii ni ya Zakaria," akasema. "Bwana Mifugo wa Masama."

Hata mimi nilimjua, kwa jina. Wote tuliijua hadithi. Zakaria alikuwa mtaalamu wa mifugo, anazunguka kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, na pikipiki aliyouziwa na mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, na sanduku lake la sindano amelifunga nyuma. Miaka tisa kabla ya siku hiyo alitoka asubuhi kwenda kutibu ng'ombe wa mtu, hakurudi. Baada ya wiki chache ndugu yake, Elifuraha, akatoka safari akasema amemwona Voi, ng'ambo ya mpaka, na mwanamke mwingine. Habari ikaishia hapo. Mlima mzima ukampa mkewe kosa, maana mwanamume mwenye mshahara hakimbii hivihivi.

"Kwa hiyo alikuwa korongoni?" nikauliza.

"Injini ilikuwa korongoni," Jasbir alisema. "Usiruke. Injini huuzwa. Kama shingo ina namba ya mtu mwingine, basi Zakaria aliuza injini akaenda zake, na maneno ya watu ni kweli. Kama shingo ni yake, basi alianguka nayo, na mkewe ametukanwa bure miaka tisa." Alikuwa na miadi ya kumpeleka Mama Simran hospitali. Mlangoni akageuka. "Itoe namba ya shingoni. Polepole, Msomi. Mafuta na kijiti."

Nilianza na mafuta na kijiti. Naapa. Nilikwangua kwa muda ambao kwangu ulionekana wa kutosha, na bonge lile lilitoa vumbi kidogo tu, kama linanicheka. Nikaona grenda ikining'inia ukutani. Nilichowaza nakikumbuka vizuri, na ndicho kinachonitia aibu kuliko kitendo: niliwaza kwamba Jasbir akirudi atakuta shingo inang'aa na namba imekaa pale wazi, naye atasema, kumbe. Neno hilo moja ndilo nililolitaka. Nikachomeka waya. Cheche ziliruka nzuri sana. Bonge lilipasuka, nikaendelea kidogo ili kumalizia kutu, nikaendelea kidogo tena kwa ajili ya urembo, na nilipozima, chuma kilikuwa kinameta kama sahani ya harusi. Nikapitisha kidole. Nikakipitisha tena, taratibu. Chuma kilikuwa laini. Nikapata wazo la kijinga kwamba labda namba iko upande wa pili. Nikatazama upande wa pili. Nikatazama na chini.

Mnunuzi wa chuma chakavu hakuwa amefunga mdomo. Kabla Jasbir hajavua koti aliporudi hospitali, alikuwa amefuatwa uani na watu wawili kutoka Masama: mwanamke mwembamba wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani, na mwanamume mnene wa shingo aliyekuwa anaongea tangu getini. Mwanamke alikuwa Mama Nai, mke wa Zakaria. Mwanamume alikuwa Elifuraha. Mama Nai alifungua Biblia, akatoa mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko karatasi ya kaki, ndani ya karatasi kadi ya pikipiki. Alikuwa ameitunza kwa miaka yote hiyo kama cheti cha ndoa.

"Namba mbili zipo hapa," akaniambia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na pikipiki. "Ya injini nimesikia ni yenyewe. Ya shingoni inasemaje, mwanangu?"

Jasbir naye alikuwa ananitazama, amesimama na koti mkononi.

"Kutu, mama," nikasema. "Kutu imeila."

Elifuraha akapiga makofi mara moja. "Si niliwaambia? Injini! Injini aliiuza, akapata nauli. Mimi mtu nimemwona Voi kwa macho yangu haya mawili, leo mnaniletea habari za korongo. Twende, shemeji, ng'ombe hawajakamuliwa."

Mama Nai alikunja kadi, karatasi, plastiki, akafunga Biblia. "Asante kwa kujitahidi, mwanangu," akaniambia. Nimewahi kutukanwa na wahakiki, na mwanafunzi mmoja aliwahi kunirushia karatasi ya mtihani. Hakuna neno lililowahi kunipiga kama asante ile.

Walipoondoka Jasbir alisogea kwenye pikipiki, akainama, akapitisha kidole gumba pale shingoni. "Kutu hii," akasema, "imesoma chuo kikuu." Nilisubiri afoke. Hakufoka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona ajali ikitokea mbele yake na bado hajaamini sauti aliyoisikia. Mama Simran alisukuma kikombe cha chai dirishani, Jasbir hakukichukua. Kilikaa pale mpaka kikatanda utando.

Kisha akaanza kuongea, nusu na mimi, nusu na chuma. Kiwandani, alisema, namba haiandikwi, inagongwa. Pigo la kugonga haliishii juu. Linabana chuma mpaka chini ya pale jicho linapoona shimo, kama mtu anavyopigwa ngumi, ngozi ikapona na nyama ya ndani ikabaki na uvimbe. Grenda imeondoa shimo. Uvimbe huenda ukawa bado upo, kama sikushuka sana. Baba yake aliwahi kuonyesha. Akatoka, akarudi baada ya nusu saa na kichupa cha tindikali alichopewa na sonara mmoja wa mjini, rafiki yake. Alilainisha mahali pale kwa msasa wa maji mpaka pakawa kioo. Akachovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti, akapaka kona tu. Tukainama vichwa vikigusana. Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu chuma kikafifia, na ndani ya weupe ule kikapanda kivuli cha kijivu, kikajikunja, kikawa tatu. Niliruka nyuma kama niliyeona nyoka. Kilikuwa pale, wazi kabisa, kisha dawa ikakauka nacho kikazama.

"Endelea!" nikasema.

Jasbir alikuwa tayari ameziba kichupa. "Niendelee wewe na mimi tukiwa peke yetu? Nani atatuamini? Kalasinga wa skrepa na mwongo wake? Dawa hii inakula, Msomi. Mara moja, labda mbili, basi. Lazima waone wenyewe, yule mama na yule shemeji yake." Akavuta kitambaa, akafuta mikono kidole kwa kidole. "Nenda Masama kesho ukawalete. Na kabla ya kuwaleta ukaseme ulichofanya."

"Atanifukuza."

"Wewe Mchagga wa wapi? Kata isale."

Naomba msomaji anielewe nilivyojisikia. Isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba na juu ya makaburi, na ukimkosea mtu ukamwendea nalo mkononi, hana ruhusa ya kukukataa. Chuoni niliandika insha kuhusu desturi hiyo nikapata alama A. Nilichambua kila kitu kilichokuwa ndani yake. Sikuwahi kulishika. Na sasa mtu mwenye kilemba, aliyezaliwa mtaa wa Wahindi, ndiye aliyekuwa ananieleza jinsi ya kufunga fundo lake, na nilikuwa nakosea.

Mama Nai alikuwa zizini nyuma ya nyumba, anakatakata mgomba wa kumpa ng'ombe. Alilitazama jani kabla hajanitazama mimi. Nikamwamkia.

"Nani amekufundisha kulibeba?" akauliza.

"Kalasinga, mama."

Alicheka, kicheko kifupi, halafu akaona nilikuwa sitanii. Nikamweleza. Grenda, shingo, kutu ambayo haikuwa kutu. Panga lilibaki mkononi mwake, limelegea, maji ya mgomba yakichuruzika kwenye makali. Ng'ombe alivuta kipande kutoka lundoni akatafuna.

"Unajua wanavyoniita usharikani?" akasema mwishowe. "Mama Voi. Watoto wadogo wanafikiri ndilo jina langu. Jana nilishuka mlimani nikisema, leo Mungu atalifuta. Kumbe umefuta wewe, umefuta kingine." Alichukua jani kutoka mkononi mwangu, kwa nguvu kidogo. "Ningekuwa na ruhusa ya kulikataa, ningelikataa. Ingia ndani ule."

Jikoni palikuwa na moshi na joto, na alinipakulia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, bakuli la kulisha watu wawili. Hakukaa. Alisimama akinitazama nikila kama mtu anayehakikisha adhabu imemalizika. Ukutani palikuwa na msumari mtupu. Nilipouangalia akasema picha ya harusi aliishusha mwaka wa pili, baada ya binti yake Nai kumwuliza kwa nini wanamtundika mtu aliyewakimbia.

Walifika gereji siku iliyofuata. Elifuraha alikuwa na maneno tangu mlangoni, kwamba tunataka kumfanyia shemeji yake uganga kwa dawa za sonara. Jasbir akamjibu kwa Kimachame kilichonyooka kuliko changu, alichosema sitakitafsiri. Mama Nai alikabidhi kadi kwa Elifuraha. "Wewe ushike," alisema, "ili usiseme nimeibadilisha. Mimi nitasoma chuma." Jasbir akachovya pamba, akaipitisha shingoni.

Chuma kikafifia. Vivuli vikaanza kupanda, vingine vikichelewa, vingine nusu nusu. Mama Nai aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Nne," alisema.

"Nne," akajibu Elifuraha.

"Saba. Moja."

"Saba, moja."

"Tisa."

Nilimtazama Elifuraha, midomo ilikuwa wazi, macho yamekwama kwenye kadi.

"Soma, shemeji," Mama Nai alisema bila kuinuka. "Tisa."

Nilimwondolea kadi mkononi nikasoma mimi. Tisa. Sifuri. Tatu. Ile tatu ya kona. Zilikuwa zote. Tulisimama tukiangalia mpaka dawa ikakauka na namba zikarudi zilikotoka, shingo ikawa tena sahani tupu.

Mama Nai akakaa juu ya pipa la mafuta. Hakulia. Alikuwa ameduwaa, kama mtu aliyeamshwa ghafla katika nyumba asiyoijua. "Kwa hiyo alikuwa pale," alisema. "Napita kwenye daraja la korongo lile kila siku ya soko. Nimepita na vikapu vya ndizi. Nimepita nikimlaani. Yuko chini hapo ananisikia."

Wanaume wa Masama walichimba korongo siku mbili. Walipata kiatu kimoja, bizimu ya mkanda, sanduku la sindano lililofungwa vizuri na sindano za kioo ndani yake nzima, na mifupa. Alizikwa mgombani kwake. Usharika wote ulikuja, wakiwemo waliompa lile jina, na sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakiimba bila kutazamana. Elifuraha alisimama kwa niaba ya ukoo akasema duniani wawili wawili, kwamba yule wa Voi lazima alikuwa amefanana naye mno. Watu waliguna. Mama Nai aliangalia chini.

Wiki iliyofuata alikuja gereji peke yake. Tulidhani amekuja kuichukua pikipiki aitupe. "Itengenezeni," akasema. "Ilimtoa nyumbani ikiwa nzima. Irudi nzima."

Ilituchukua miezi iliyobaki ya mwaka. Niliandika barua kwa wauza vipuri nikiwa na ile namba ya injini, maana kwa namba hiyo tu waliweza kujua pistoni ipi na pete zipi. Rangi ya asili tuliikuta nyuma ya pete ya taa, mahali ambapo jua halikufika, nyekundu iliyoiva. Tangi tulilijaza changarawe tukalitikisa kwa zamu mpaka kutu ikatoka, mikono ikatuuma tusiweze kushika chapati. Kitu kimoja Jasbir alikataa. Nilimwomba tugonge upya namba ya shingoni, tunaijua, tumeiona sote. "Namba unayogonga mwenyewe ni ya mwizi," alisema. "Pabaki hivyo." Tulipapaka vanishi tu. Kila nilipopita niliona uso wangu pale. Leo nikiandika, na wanafunzi wangu wakinisifu kwamba nina tabia ya kuthibitisha kila kitu mara tatu kabla ya kugusa sentensi ya mtu, huwa sisemi nilijifunza wapi.

Tulipanda nayo Masama kwenye pikapu, tukaishusha uani. Mama Nai alisimama mlangoni, mikono ndani ya khanga. Jasbir akaikalia, akapiga kiki. Akapiga tena. Mara ya tatu ikawaka, ile sauti nyembamba, ya haraka, kama cherehani. Kuku wakatawanyika. Mama Nai akafumba macho.

Ndipo tukasikia migomba ikivunjika. Elifuraha alikuwa anakuja mbio kutoka kihamba chake cha jirani, mguu mmoja una buti la mpira, mwingine mtupu, mikono mbele kama kipofu. Aliruka mfongo wa kumwagilia migomba, akatokeza uani, akasimama. Alimtazama aliyekuwa juu ya pikipiki. Aliona kilemba. Jasbir akazima injini.

"Nilidhani amerudi," Elifuraha alisema. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. "Nilidhani ni yeye anarudi."

Akaangalia buti lake, akaangalia mguu mtupu, kama anashangaa nani amemvalisha hivyo.

"Shemeji, mimi Voi sijafika," akasema. "Sijawahi kufika. Niliishia Holili, pale mpakani, nikageuza."

"Unasema nini?"

"Mama alikuwa hali chakula. Unakumbuka. Alikuwa anakaa pale njiani na bakuli linapoa. Daktari alisema atakufa kabla ya mwezi kwisha. Nikamwambia nimemwona. Siku ileile akala mtori wote, akaomba wa pili. Sasa kesho yake ningemwambiaje? Nikamwacha Voi, shemeji. Nilimweka kule ili awe mzima. Halafu watu wakalichukua neno, likawa siyo langu tena." Mama yao, nilijua, alikuwa amefariki miaka mingi kabla. Alikufa akimlaumu mkwewe.

Mama Nai alishuka ngazi. Nilidhani anakwenda kumpiga, na nilikuwa upande wake. Alipita pembeni yake, akaweka kiganja juu ya injini, ikamchoma, akakitoa, akakiangalia.

"Ulisema amenenepa," akasema.

"Nilisema."

"Ulisema ana kitambi. Ana shati la mistari, amekaa kwenye benchi anakula nyama."

"Mama aliuliza kama anakula," Elifuraha alisema.

Mama Nai alitikisa kichwa polepole, bado anaangalia kiganja. "Wanangu wanalala na maji ya moto badala ya chakula," alisema, "na mimi nimelala nauchukia ule unene."